Dhahabu Aliyoikwangua Shija

Geita,
Jumanne mchana

Mayu, mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo tena, kwa zile wiki zote ambazo sikukuandikia. Goti linasemaje? Mtama je, ndege wamekuachia chochote? Na redio ya marehemu Baba bado inakoroma, au imepona? Mimi mwili ni mzima ila kichwa kimevurugika. Kaa kwanza ndipo uendelee kusoma.

Mayu, washenga wa Shija wakija mwisho wa mwezi, waambie warudi kwao. Sitaki tena. Najua umeshamwambia shangazi, na shangazi akishaambiwa jambo, Kolandoto nzima imeambiwa. Hata hivyo waambie.

Unajua hapa dukani kwa Bwana Rajabali mimi ndiye ninayechapa barua za watu kwa kompyuta. Kompyuta yenyewe ilikuwa imechoka. Ukiiwasha asubuhi, unachemsha chai, unakunywa, nayo bado haijaamka. Basi tajiri akaagiza mazabodi mpya kutoka Dar es Salaam. Mazabodi ni ule ubao mkubwa wa ndani ambao vitu vingine vyote vinachomekwa juu yake. Aliagiza ubao tu, kwa sababu vile vingine vya zamani bado ni vizima, vinahamia kwenye mpya na kazi inaendelea. Akaniambia, "Kabula, hizi kadi za kumbukumbu zitunze kama mboni ya jicho lako. Bila hizi, ubao mpya ni sinia tu, na wewe utatafuta kazi kwingine."

Jana fundi alikuja kutoka Mwanza, akafungua, akazitoa zile kadi, halafu umeme ukakatika. Akasema tutamalizia kesho. Nikazifunga kwenye gazeti, nikaziweka kwenye boksi chini ya meza.

Jioni Shija akapita kunisalimia. Mchumba wangu huyo ni mchimbaji tangu ujana, kinachong'aa hakimpiti. Akafunua gazeti. Zile kadi, upande unaochomekwa, zina meno madogo ya njano.

"Hii nini?"

"Dhahabu," nikamjibu, tena kwa maringo. "Wanaipaka ili pasishike kutu."

"Yaani mmeikalia dhahabu, halafu mnachapa barua!"

Tukacheka. Mimi nikaenda kufunga madirisha. Madirisha tu, Mayu!

Leo asubuhi boksi halina kitu. Fundi anasubiri na bisibisi mkononi, mimi napekua hadi pipa la takataka. Ndipo Shija akatokea mlango wa nyuma, tabasamu hadi masikioni.

"Ng'wana Masanja," akaniita kwa jina la Baba, "fumba macho."

Nikafumba. Akaniwekea kibiriti mkononi. Ndani yake mlikuwa na dhahabu isiyozidi kichwa cha sindano.

"Nimeikwangua kwa tupa, nikaikamata kwa zebaki, nikaichoma," akasema. "Ndiyo mwanzo wa pete yako. Nimeona vya zamani mmeving'oa na mpya umeshakuja, nikasema visiende bure."

Nikakaa chini palepale, juu ya maganda ya miwa, nikamuuliza, "Shija, duara lako la dhahabu likikauka ukahamia shimo jipya, moko na nyundo vya kupasulia mwamba unavitupa?"

"Nitupe? Nahama navyo."

"Basi kadi zile ndizo zilikuwa moko na nyundo vya kompyuta."

Akanitazama, akakitazama kibiriti, uso ukamsawijika. Kisha akaondoka. Mimi nikabaki na fundi, nikamwambia tajiri kwamba kadi sizioni. Amenipa hadi jioni. Sasa mtu anayeharibu halafu anakimbia, Mayu, nitaishi naye vipi? Ndiyo maana nasema washenga

Jioni

Niliacha kuandika hapo juu kwa sababu nilisikia sauti ya Shija huko mbele. Leo ni siku ya mnada, duka limejaa. Nikatoka mbio. Nikamkuta amevua kofia, na ndani ya kofia mna kadi zile, zimekwanguliwa hadi huruma.

"Aliyezikwangua ni mimi," anamwambia tajiri mbele ya watu wote. "Kabula hakujua. Ukifukuza, nifukuze mimi."

Kumbe tangu asubuhi alikuwa akizunguka mji, kila penye kompyuta, anaonyesha kadi zake na kuomba zinazofanana nazo. Hakupata.

Mteja mmoja akasema, "Mchimbaji kaichimba kompyuta!" Wacha watu wacheke. Wanaume wa machimboni unawajua, ukimcheka mmoja ngumi inafuata. Shija alisimama tu, jasho likimchuruzika, wala hakuondoka. Mayu, nilishtuka kuliko asubuhi. Sikujua kwamba mtu huyu anaweza kusimama hivyo.

Bwana Rajabali akazigeuza zile kadi, akavua miwani. Nikajua kazi imekwisha.

"Hapa Geita nimeibiwa sana na watu waaminifu," akasema. "Huyu ndiye mwizi wa kwanza kuniletea mabaki."

Kesho Shija anaongozana na fundi hadi Mwanza kutafuta kadi nyingine, na asirudi mikono mitupu. Mimi ninaendelea na kazi kwa taipureta. Kile kibiriti nilimrudishia, akakataa kukigusa. Akasema, "Hiyo si yangu wala si yako." Tukaenda wote wawili kukiweka mezani kwa tajiri. Njiani alinishika mkono, nami sikuutoa.

Yale ya mwanzo sikuyafuta, ujue jinsi nilivyoumia. Washenga wapokee, Mayu. Wachinjie yule jogoo mwekundu.

Nisalimie shangazi, mtangazaji wetu, na mjomba mchunga ng'ombe, na jirani yako mshona magunia anayekuchotea maji. Wote waambie naolewa.

Ila Shija mwenyewe atakapokuja kukuamkia, redio ya Baba ifungie kabatini.

Mwanao ambaye moyo wake bado haujatulia,
Kabula