Ugonjwa ya Kazi ya Juma Tatu

Shemeki Swali-Moja,

Ni mi, ndugu mudogo wa bibi yako, ule ulikuwa unaita Munganga Bure. Usiniulize barua itakufikia namna gani, mi mwenyewe sijui. Naandika sababu nikinyamaza leo kichwa itapasuka. Kesho asubui, ku dispansere ya kiwanda ya pamba, kuko mutu mumoja atasimama mbele yangu, na mi njo nitasema kama kifua yake iko muzima ao iko mugonjwa. Nikikosea, atapoteza kazi ao atapoteza pumuzi. Na katika maswali yote yenye tulisoma, mi na we, hii haikuwa ndani.

Lakini ngoja nikupe habari kwanza, sababu ungekuwa hapa ungenigombeza: salamu mbele, mambo nyuma.

Yaya Nyasa, bibi yako, iko muzima. Amekonda kidogo, lakini ameanza tena kunigombanisha, basi najua iko anapona. Arobaini yako ilipita vizuri. Bazee ba musikiti balisoma, batu balikula wali na samaki ya mikeke mpaka bengine balifungua mukaba ya suruali. Shangazi yako wa Kazimia alikuja na mashua ya samaki, akalia kuanzia ku maji mpaka ku mulango, alafu akapanguza macho akauliza kama chai iko. Mutoto yako anatembea sasa. Anashika ukuta, anaenda, anaanguka, anacheka, anaanza tena. Njo we kabisa.

Na mi nimeingia kazi, shemeki. Kazi ya kweli. Nilipewa blusi nyeupe ya kiganga. Yaya anasema nafanana muuza mikate. Lakini naivaa, na kila asubui nikifunga vifungo vyake nasema ndani ya roho: hii ni ya shemeki. Njo sababu ya pili ya kuandika. Asante yangu haijakufikia. Ulienda haraka, na siku zile za mwisho nilikuwa nakupa maji na kukugeuza, sikukuambia hata neno moja.

Unakumbuka zile karatasi? Ule anfirmie wa Nundu, muuguzi mwenye anauza sabuni, alikuwa anafungia sabuni ndani yake. Mi nilienda kununua sabuni, nikarudi mbio kumuomba karatasi zote zenye zilibaki. Akacheka, akanipa. Maswali ya egzame, ya kujipima nayo mbele ya mutihani, juu ya afya ya batu ba kazi: vumbi, chokaa, moto, mashini zenye zinakata vidole. Kifransa ku juu, kiswahili ya mukono chini yake, na majibu nyuma. Mi niliacha masomo mapema, sikuwa na mwalimu. Nilikuwa na we tu, na we hukujua kusoma hata jina yako. Lakini nikikusomea swali mara moja, ilikuwa inabaki ndani ya kichwa yako kama musumari ndani ya ubao.

Na haukuwa na huruma. Ulikuwa unanikamata popote. Mi niko na gunia ya mihogo ku kichwa, pale sokoni ya Baraka, bamama bote bananiangalia, na we unasimama katikati ya njia:

"Munganga Bure, swali moja tu. Chokaa imemuingia mutu ndani ya macho. Unafanya nini?"

"Maji, shemeki. Maji mingi, mbele ya yote."

"Maji gani?"

"Maji safi."

"Utatoa wapi maji safi hapa? Bamama, nani iko na maji safi? Munganga anatafuta. Mutu anakuwa kipofu, munganga amebeba mihogo."

Bamama balicheka mpaka mi natamani gunia inifunike. Lakini jibu ya chokaa sitaisahau mpaka nikufe. Na swali moja haikukuwaka moja. Ilikuwa inazaa.

Alafu ile siku ya swali kubwa. Nilisoma: "Magonjwa ya kazi ni nini? Toa mifano." Mi na haraka yangu sikugeuza karatasi, nikakujibu palepale: "Njo ile inashikaka batu juma tatu asubui. Dawa yake chumvi ya kuharisha." We ulicheka, ukakohoa, ukacheka ndani ya kikohozi. Ukasema jibu ni muzuri kabisa, unanipa pointi zote. Na tulikuwa tunasema kweli, shemeki, hatukuwa tunachezea. Ku kambi zote, mutu mwenye hataki kuamuka banasema amepata ugonjwa ya kazi. Nani asiyejua hiyo?

Kisha nikageuza karatasi. Imeandikwa: ni ugonjwa yenye mutu anapata sababu ya kazi yenye anafanya.

Ulisema, "Soma tena." Nikasoma tena. Ukaangalia mikono yako, ukasema, "Kumbe kazi nayo inaambukiza."

Swali ya kufuata ilikuwa mutu mwenye anakohoa miaka, hana homa, akipanda mulima pumuzi inakatika. Mi nilipanga madawa yote, mpaka ya minyoo. Karatasi ikasema: mbele ya dawa, umuulize anafanya kazi gani leo, na mbele ya hiyo alifanya kazi gani. Basi. Tukaangaliana. Ku dispansere zote zenye ulipita, balikupa kinini, dawa ya homa, na hakuna mutu alikuuliza hiyo.

"Basi niulize," ukasema.

Nikakaa sawasawa, nikakuuliza kama munganga. Na we, mwenye ulikuwa unanijibu kila kitu na muchezo, ulinijibu mangaribi yote bila muchezo. Mawe ya zahabu kule milimani, mashini ya kutoboa, vumbi. Mangaribi munatoka muko beupe kama batu ba unga, munajuana kwa sauti tu. Miaka yote ile, mbele ya kumuoa yaya. Mi nilikuwa naishi na we nyumba moja na sikujua.

Kisha ukatoa shati. "Egzame iko na kifua ndani yake? Basi kamata hii, jifunze."

Shemeki, mutu gani anafanya vile? Sikuwa na kile chombo cha kusikiliza. Nilikuwa na sikio na vidole. Nagonga mugongo yako, na kila nikigonga we unaitika, "Karibu." Nakuambia nyamaza, unaharibu sauti. Unasema, "We njo unagonga mulango ya batu bila hodi." Basi nikaanza kusema hodi. Siku moja nikaweka sikio chini ya bega yako ya kuume, nikaisikia, ile sauti yenye karatasi ilieleza, kama majani makavu yanasuguliwa. Nikaruka. Nimesikia, shemeki, nimesikia. Na we ulifurahi kama mi: "Ni yenyewe? Ni yenyewe kabisa?" Yaya akatoka na mwiko akatuuliza munacheka nini, bapumbavu bawili. Kicheko ikatukatika. Sababu tulijua tumepata nini.

Na haukuacha. Hata pale haukuweza tena kukaa, ulikuwa unasema "swali..." na pumuzi inaishia pale, mi natafuta mwenyewe ni swali gani, najibu, na we unatingisha kichwa, ndiyo ao hapana.

Egzame ilikuwa Fizi. Nilipanda na kamio, lori ya mizigo, juu ya magunia, vumbi yote ya mulima ndani ya mapua. Mbele yangu aliingia kijana mumoja wa Minembwe, murefu, Kifransa yake inatoka kama maji, na akatoka na jasho. Mi nikaingia. Munganga Muzungu ku meza, anfirmie wake pembeni anageuza lugha. Swali ya kwanza: magonjwa ya kazi ni nini? Nikacheka. Mbele ya Muzungu. Anfirmie akanikunjia uso, lakini nikajibu, na nikajibu vizuri, mpaka akaniambia inatosha. Kisha baliniletea muzee mumoja mugonjwa, nigonge kifua yake. Vidole vilienda vyenyewe, na mudomo ukasema wenyewe, "Hodi." Muzee akaitika, "Karibu." Munganga akauliza bamesema nini. Anfirmie akamugeuzia maneno kwa haya. Muzungu akaniangalia wakati murefu, akaandika. Nilijua nimeanguka. Kumbe nimepita.

Asante, shemeki. Ulinikopesha kifua yako na hata sikukurudishia.

Sasa sikia ya kesho. Kuko Asende, mwenye anatia pamba ndani ya mashini. Juma tatu kifua yake inabana kama imefungwa kamba. Juma ine inalegea. Jumamosi anaimba. Juma tatu tena, kamba. Kapita, musimamizi wake wa kazi, akamuleta kwangu na kikombe ya chumvi ya kuharisha tayari ku mukono, akasema, "Munganga mudogo, huyu iko na ugonjwa ya kazi."

Nikamuambia, "Ndiyo, kapita, iko nayo kweli."

Akafurahi sana. Kisha nikamueleza vumbi ya pamba inafanya nini ndani ya kifua ya mutu mwenye amepumuzika yenga yote, ile siku ya bila kazi, na anarudi juma tatu, na furaha yake ikaisha. Nikamuomba amuweke kazi ya inje, ku mizani ya magunia. Akasema fasi zile za kazi ziko na benyewe.

Kesho munganga wa Fizi, ule Muzungu wa egzame, anapita. Anataka majina ya batu ba kifua mubaya. Mwenye ataandikwa, kampuni inamurudisha kwao: posho inakatika, nyumba ya kambi inakatika. Leo muchana Asende alikuja nyumbani, akakataa kiti. "Mudogo, uniandike muzima," akasema. "Shemeki yako nilimuona, najua inaishaka namna gani. Lakini batoto bangu banakula leo."

Nikakukumbuka. Sababu we ulinielezaka, ile mangaribi ya maswali, kama munganga wa mugodi akipita ulikuwa unameza kikohozi kama vile mutu anameza ugali ya moto, ili basikurudishe. Nimewaza hiyo muchana yote. Kama mutu angekuandika mugonjwa wakati ule, labda ungekuwa unapumua mpaka leo. Lakini haungemaliza mahari ya yaya, na mutoto huyu hangekuwako. Nahesabia hapa, nahesabia pale, haitoki sawa.

Lala muzuri, shemeki. Yaya nitamuangalia, usiwe na mashaka. Nakuahidi kitu moja: mutu yeyote atapita ku mulango yangu, mbele ya dawa yoyote, nitamuuliza anafanya kazi gani, na mbele ya hiyo alifanya gani, na nitangoja mpaka amalize kujibu.

Lakini Asende nimekwisha kumuuliza, na amekwisha kunijibu. Kesho ataniangalia, na Muzungu ataniangalia, na kalamu iko kwangu. Kama kifua ni yako na kalamu nayo ni yako, we ungeandika nini?