Kahawa Niliyoitema kwa Bibi Adelgunda

Mpendwa Mama Anatolia, mshauri wetu wa redioni, shikamoo. Naomba msaada, na ukiweza unisaidie kabla ya Jumamosi, maana ikipita Jumamosi sijui uso wangu nitauweka wapi.

Mimi ni binti wa Chonyonyo, nauza uji na chapati kwenye kijiwe cha bodaboda, na niko kwenye kikundi cha vijana wa kanisani ambacho hakingoji Jumapili, sisi tunaomba pale pale watu walipo, asubuhi kijiweni kabla abiria wa kwanza hajapanda madereva wanavua helmeti tunaomba kidogo mtu anakunywa uji wake anaondoka, jioni tunapita kwa wanaoanika kahawa au kisimani, na maombi ya kijiweni ninayaongoza mimi kwa sababu ndimi ninayewahi kufika kuwasha moto, na Mungu ni shahidi, kazi hiyo naipenda kuliko hata hizo chapati.

Sasa kati ya madereva yupo mmoja anaitwa Ainebyona, kijana mzuri ila pombe ilikuwa imemshika, alikuwa anaanza na gongo kabla hajaanza na abiria, alikuja kwetu kwa ajili ya uji tu lakini akabaki kwa ajili ya maombi, na taratibu akaacha, mama nakwambia akaacha kabisa mpaka akaanza kunyoa ndevu, na siku moja akatuambia twende tukamsalimie bibi yake aliyemlea, kwamba bibi anataka kuwaona hao waliomrudishia mjukuu wake.

Tukaenda, mimi na rafiki yangu Mackrine na kiongozi wetu Alistides, ambaye kwao ni hapa hapa lakini amekulia Mwanza na Kinyambo, lugha yetu ya huku, hakijui, na siyo mtu mbaya, nisimseme vibaya, Ainebyona alipoanguka na pikipiki mwaka jana ni Alistides aliyembeba mgongoni mpaka zahanati. Bibi Adelgunda alikuwa ametandaza nyasi mpya sebuleni kama vile ni sikukuu, mimi na Mackrine tukapiga magoti tukamwamkia kwa Kinyambo, akacheka akafurahi, akaingia chumbani akatoka na kile kikapu kidogo chenye mfuniko cha kuwekea amwani, kahawa yetu ya kutafuna, wewe mama unaijua, mgeni haingii nyumba ya watu huku asipewe. Akakishika kikapu kwa mikono miwili, akafumba macho, akasema maneno polepole kwa Kinyambo, akafumbua, akaanza na mimi. Nikachukua nikatia mdomoni.

Hapo ndipo Alistides alipopaza sauti, "Tema! Kansiime, tema hicho kitu, hujui kimenenewa nini!" Akasema kahawa hiyo ndiyo wazee walikuwa wanaipaka damu zao wakalishana, kuchanjia undugu, na kwamba bibi ameinong'onezea mizimu. Nikaitema. Siyo kutema maganda kama tunavyotema wote, niliitema nzima, kwenye nyasi zake mpya, mbele ya magoti yake. Bibi hakugomba. Alifunika kikapu akasema, "Haya wanangu, karibuni tena." Ainebyona alikuwa amesimama mlangoni na helmeti mkononi, akaja akainama akaiokota ile kahawa kwenye nyasi, akaniangalia akasema, "Kumbe Mungu wenu ana kinyaa."

Tangu siku hiyo haji kwenye maombi, uji wangu hagusi, amerudi kwenye gongo, na juzi nimemwona anashuka mteremko amepakia wanafunzi wawili pikipiki inayumba, nikafumba macho nikaomba. Alistides anasema hiyo ndiyo ishara kwamba nyumba ile ina madhabahu ya mizimu, na Jumamosi mchana kikundi kizima kitakwenda na spika mpaka kwenye lango la bibi kuomba na kuivunja hiyo madhabahu, na mimi ndiye nishike maikrofoni kwa kuwa Kinyambo nakijua, na nikisitasita anasema nimelegea kiroho na maombi ya kijiweni atapewa mwingine. Mama, yale maneno ya bibi niliyasikia vizuri, alikuwa anamshukuru Mungu kwa ajili yetu na kumwomba atulinde njiani, lakini Alistides ni kiongozi wangu na sikutaka kumbishia mbele za watu. Nifanye nini? Nikienda na kikundi nitamtazamaje yule bibi, nisipoenda nitaonekana nimeasi, na maji yakimwagika hayazoleki.

Ni mimi Kansiime, Chonyonyo.

MAMA ANATOLIA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Majina yenu nimeyabadilisha, ingawa kijiweni kwenu mtajuana tu, na wenzako waliotangulia kuandika wanisamehe, wewe nimekurukisha foleni. Jumamosi haingoji mtu.

Tuanze na huyo Ainebyona. Unamwona mtu amelewa, amepakia watoto wa watu, anashuka mteremko, halafu wewe unafumba macho? Fumbua! Omba, sikatai, lakini hapo ulihitajika mdomo. Leo hii ukishazima redio nenda kwa mwenyekiti wa kijiwe, mwambie kila asubuhi Ainebyona akifika ananuka pombe, ufunguo wa pikipiki ukae mfukoni mwake yeye mwenyekiti, mpaka kijana alevuke. Atakuchukia. Akuchukie akiwa mzima.

Sasa wewe. Pole, na nakupa pole ya kweli, kwa sababu kuamriwa ghafla na mtu unayemheshimu, watu wanakutazama, si jambo dogo. Mwili hutii kabla akili haijafika. Lakini pole yangu inaishia hapo. Umeniandikia habari za uji, za chapati, mpaka za ndevu za mtu, na neno lenyewe ukalificha mwishoni kabisa. Bibi aliwaombea. Na wewe ulimsikia! Mlikwenda kupeleka maombi kwenye nyumba iliyokuwa imeshaanza kuomba kabla nyinyi hamjafungua midomo. Alistides hakujua lugha na hakuuliza, hilo ni kosa lake. Wewe na Mackrine mlielewa kila neno mkanyamaza. Lako ni kubwa kuliko lake, usijifiche nyuma yake.

Eti wazee walichanjia undugu kwa kahawa. Ni kweli, walichanjia. Na mavuno yakifika, watu wakileta kahawa kanisani kama sadaka, mbona sijamwona anayeitema? Bati la kanisa lenu limetoka wapi kama si kwenye hiyo hiyo kahawa? Mizimu inaingia kwenye kikapu cha bibi kizee tu, kwenye gunia la sadaka inaogopa? Acheni hizo. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, nyinyi mmekwenda kwa mwenyeji mzima mkamwacha na kidonda, na mjukuu wake mmempa sababu ya kurudi kwenye chupa. Nimekasirika, Kansiime, nakwambia ukweli.

Halafu unaniambia maji yakimwagika hayazoleki. Ulichomwaga si maji. Ilikuwa kahawa, na Ainebyona aliizoa mbele ya macho yako.

Kwa hiyo sikiliza. Kesho wahi kufunga biashara, mchukue Mackrine, nendeni kwa Bibi Adelgunda mchana kweupe, majirani wawaone mnaingia kama walivyowaona mnatoka. Piga magoti kama siku ile. Sema kwa Kinyambo, maana kwa Kinyambo ndiko ulikokosea: "Nilikusikia ukituombea, nikatema. Nisamehe." Basi. Usimtaje Alistides, usimtaje shetani, usianze kuhubiri, na usibebe kilo ya sukari ya kumziba mdomo. Na kama bibi ana redio na amenisikia sasa hivi, usije ukadhani redio imekuombea msamaha. Nenda na miguu yako.

Asipotoa kikapu, usikiulizie. Ana haki ya kukifunika. Chukua kisu, menya naye ndizi, chota maji, aga, na urudi tena siku nyingine mpaka akuzoee. Akikitoa, pokea kwa mikono miwili, tafuna, na shukuru kwa sauti anayoisikia.

Alistides usimkimbie. Mfuate leo, muwe wawili tu, umwambie kwa Kiswahili neno kwa neno alichosema bibi. Mtu aliyembeba mwenzake mgongoni mpaka zahanati si mtu wa kushindwa kusikia, ila hakuna aliyemwambia. Na wewe Alistides, kama unanisikiliza, mwanangu, bidii yako naipenda, lakini jifunze kuuliza "amesema nini?" kabla ya kusema "tema". Akikataa kusikia, Kansiime, lipeleke jambo kwa mchungaji wenu kabla ya Jumamosi, siyo baada ya spika kuwashwa. Na akikuvua uongozi, akuvue. Moto wa uji bado utauwasha wewe, madereva bado watavua helmeti, na kuomba hakujawahi kuhitaji cheo.

Ainebyona usimwite kwenye maombi. Asubuhi mwekee kikombe chake cha uji pale anapokaa, uondoke. Akinywa, anywe. Asipokunywa, kesho mwekee tena. Siku atakayosikia umerudi kwa bibi yake, na atasikia, kijiji hakina siri, ndipo atajua Mungu wako ana kinyaa au hana.

Imebaki Jumamosi. Nina hakika mpaka hapo watakuwa wamepoa, lakini wasipopoa, wakaamua kwenda tu na spika yao, usibaki nyumbani ukajidai tumbo linauma. Tangulia. Spika ikifika langoni ikukute ndani, umekaa kwenye nyasi, unamenya ndizi na Bibi Adelgunda. Alistides akikuita aulize unafanya nini humo, toka mpaka mlangoni, umjibu bila maikrofoni: "Nimekuja kuombewa."