Sketi ya Ngozi Ilinidanganya

Jumamosi. Karatu imeamka na ukungu na kibaridi cha kuvaa masweta mawili, nami nimeamka na aibu.

Niseme ukweli: wiki iliyopita nilijifanya mjuaji. Majirani wanajua nakusanya midoli ya zamani iliyoshonwa majumbani. Naipanga kwenye rafu nyuma ya cherehani yangu, na nakadiria umri wake kwa nguo ilizovaa. Ngozi ina zama zake, kaniki ina zake, kitenge kina zake. Basi Mama Resti, jirani yangu anayeuza mboga, akaniletea mdoli wake. Alisema ulishonwa na marehemu mama yake, aliyefariki yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Nilipoona umevaa sketi ya ngozi yenye shanga, kama walizovaa bibi zetu Wairaqw, sikufikiri mara mbili. Nikamwambia huu ni wa mama yako kabisa. Alifurahi mpaka akanifungia mchicha wa bure.

Jana nikaivua ile sketi niisafishe.

Tumbo la mdoli ni kitambaa cha bluu.

Bluu ya sketi ya shule ya msingi, na alama ya pindo bado inaonekana. Nikatafuta matundu ya sindano ya zamani, labda ulipasuka ukashonwa upya. Hakuna. Uzi ni mmoja kutoka kichwani hadi miguuni. Nilisahau kwamba mtu akishona mdoli nyumbani huokota kipande chochote kilichobaki, hata ngozi kuukuu ya bibi. Umri unausoma kwenye kitambaa kipya kuliko vyote, siyo kwenye kile kinachokupendeza macho.

Na Mama Resti ndiye mtoto wa kwanza kwenda shule katika ile nyumba yao. Wakati huo mama yake alikuwa kaburini miaka mingi.

Aliyebaki ni mama yake wa kambo. Ndiye aliyempa ule mdoli akiwa darasa la kwanza, akamwambia, "Mama yako alikuachia." Sasa ni bibi mgonjwa, yuko peke yake kule Kansay. Ndugu wamembembeleza Mama Resti amchukue akae naye hapa mjini, naye kakataa katakata. Anasema yule mwanamke hajawahi kumfanyia kitu maishani. Hata simu hampigii.

Nilitamani kunyamaza, nakiri. Kumnyang'anya mtu kitu pekee alichonacho cha mama yake, hiyo ni roho gani? Lakini nikinyamaza, namdhulumu yule bibi.

Asubuhi hii nikamwita Mama Resti, nikamwomba radhi, nikamwonyesha.

Alilishika lile tumbo muda mrefu. Akakumbuka: sketi yake ya shule ilinunuliwa ndefu ili akue nayo, ikawa inamwangusha njiani, mama wa kambo akaikata. Kisha akalia. Alimlilia mama yake kana kwamba amefariki leo, nami nikalia naye, maana mimi ndiye niliyemuua mara ya pili.

Akauliza kitu kimoja tu. Kwa nini mama wa kambo hakusema kuwa ni yeye aliyeushona?

Akajijibu mwenyewe, taratibu: "Ningeutupa."

Chai niliyommiminia ikapoa. Halafu akatoa simu, akampigia binamu yake wa Kansay, akamwomba ampelekee bibi simu. Simu yake ina sauti kubwa, hata usipotaka utasikia.

"Shikamoo, mama."

Mama. Tangu nimfahamu, sijawahi kumsikia akimwita hivyo.

Bibi akaitikia marahaba, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini. Hakuitambua sauti. Akauliza kwa upole, kama wanavyouliza wazee wetu wote, "Wewe ni mtoto wa nani?"

Mama Resti akafunika mdomo kwa kanga.

"Wako," akasema.