Mshumaa Uliowashwa na Mgeni

Palyong, Changwon,
29 Mei, 2022.

Mpendwa Dada Sun-im,

Habari za huko Dortmund, na hayo magoti yanasemaje? Shemeji Dieter bado anakufukuzia kimchi yako barazani, eti kabichi iliyochachuka inanuka? Mimi ni mzima wa chuma. Juzi daktari alinipima damu akaniuliza kama nilikuwa mwanariadha. Haya, hakuuliza, lakini macho yake yaliuliza.

Harusi ya Da-som imepita salama. Ukumbi ulijaa, na ningekuwa mtu wa kujisifu ningekwambia mji huu haujaona baba wa bibi harusi aliyependeza kama mimi. Hata mgombea udiwani aliingia bila kualikwa na koti lake la chama, akaniinamia mara tatu. Nikamwambia akifikisha ya nne nampa kura.

Sasa kaa chini, Dada, ndipo uendelee kusoma.

Ulipotaka kuja, nilikuandikia kwamba safari itayaumiza magoti yako. Sikuyaogopa magoti. Niliogopa macho yako. Karakana haipo tena. Kampuni kubwa niliyokuwa nikiitengenezea vipuri ilipeleka kazi ng'ambo, nami nikafunga miaka mitatu iliyopita. Ile mashine ya kukereza chuma, uliyoninunulia kwa mshahara wako wa uuguzi nilipofukuzwa shule, iliondoka juu ya lori la vyuma chakavu. Nilisimama barabarani nikaipungia mkono.

Enzi zangu za ubosi, msiba wa Baba ulipotokea, mashada ya maua yalipangwa kutoka mlangoni hadi kituo cha basi. Safari hii nilipiga simu mpaka sikio likawaka moto, na kila mtu ana udhuru. Upande wa wakwe walikuja watu mia mbili. Basi nikakodi wageni. Hapa siku hizi ni biashara halali: wana ofisi, wana suti, na wanakula kwa adabu kuliko ukoo wetu.

Ila kulikuwa na jambo la mishumaa. Ulipoondoka mwaka wa sabini na tatu halikuwapo: siku hizi mama wa bibi harusi na mama wa bwana harusi huingia wameshikana mikono, kila mmoja akawasha mshumaa wake. Mama yake Da-som ana mwaka wa sita kaburini. Nilishajigamba kwa wakwe kwamba shangazi wa Ujerumani ndiye atakayeuwasha. Kwa hiyo nilikodi shangazi. Nilikukodi wewe, Dada.

Anaitwa Bibi Ma, mtu wa Gimhae. Nilimfundisha majina yetu na jinsi unavyofunika mdomo ukicheka. Aliwasha mshumaa kwa njiti moja tu.

Mtoto unayeongea naye kwenye simu kila mwaka mpya, mkitazamana usoni, nilidhani atadanganyika vipi? Alimwinamia Bibi Ma kwa heshima zote, kisha baadaye akanivuta pembeni.

"Baba, yule mama ni nani?"

Nikaanza mzaha wangu.

"Baba, acha. Shangazi alinililia kwenye simu kwa sababu ulimkataza. Mshumaa ningeuwasha mwenyewe."

Akanikazia tai iliyolegea, akaenda kwa mumewe.

Tangu siku hiyo nyumba imekuwa kubwa. Juzi nilikwenda kula nyama ya kuchoma, wakaniambia hawawashi jiko la mezani kwa mtu mmoja. Nikaagiza ya watu wawili na glasi mbili. Kumbe shida si nyama. Maisha yangu yote kuna mtu wa kunimiminia kinywaji. Kujimiminia mwenyewe mbele za watu bado sijajifunza.

Wakwe wanataka kumwalika shangazi chakula sikukuu ya mavuno. Bibi Ma yuko tayari kurudi, nimemkatalia. Mficha maradhi kifo humfichua. Jumapili ijayo nitakwenda kwa wakwe niseme kweli kwa mdomo huu huu ulioongopa. Da-som atanisindikiza.

Njoo, Dada. Karakana ya kukuonyesha sina. Nipo mimi, na ule mshumaa niliouomba pale ukumbini. Umeungua kidogo tu kwa juu. Nimeuweka karibu na picha ya mke wangu, uje uumalizie wewe.

Nisalimie Shemeji Dieter na mpwa wangu Hanna. Wazazi wetu waliolala mlimani wakulinde njia nzima, na magoti yako yakubebe mpaka mlangoni kwangu.

Mdogo wako akupendaye, aliyeishiwa na majigambo,

Byeong-tae