Utambi wa Delbert

Jumamosi, 5 Septemba 1987

Wameniletea karakana ya marehemu Delbert. Yote! Pikapu mbili zimejaa mpaka juu. Chama chetu cha ndege ndogo za kuundwa kwa mkono kina desturi: mrusha ndege akifa, wenzake wanagawana vitu vyake ili mjane asivianike uani kuwauzia wapita njia. Ila leo kila mmoja alikuwa na udhuru. Huyu mgongo, yule rafu zimejaa. Nikabaki mimi, nisiyejua kukataa. Na chumba changu cha chini kilikuwa kimeshasheheni tangu zamani!

Lorraine alisimama kwenye ngazi akauliza kama ameolewa na mtu au na bohari. Nikamwambia nitapanga. Akacheka sana. Ana miaka thelathini na moja ya kuisikia hiyo.

Kitu kimoja Arlene, mjane wake, alinikabidhi mwenyewe, mkononi. Ndege ya mwisho ya mumewe, mabawa ya karatasi ya rangi ya chungwa, nyepesi kuliko barua. Delbert aliimaliza wiki moja kabla ya moyo wake kusimama. Haijaruka hata mara moja.

"Shemeji, mimi sitaweza kutazama," akasema. "Irushe mara moja tu, uniambie ilirukaje. Kisha niletee, niitundike juu ya kinanda. Hiyo tu ndiyo ninayoitaka katika takataka zake zote."

Nimemwapia.

Jumapili, 6 Septemba

Makopo ya kahawa sitini na matatu. Skrubu, pini, magurudumu madogo kama vifungo vya shati. Kila kopo lina mwandiko wake. Moja limeandikwa: "Merle, usifungue." Nikafungua. Ndani — koleo langu dogo! Nimelitafuta tangu 1979!

Nilicheka peke yangu. Halafu nikakaa kwenye ngazi nikalia.

Jumatano, 9 Septemba

Nimepata kabati la droo arobaini na nane kutoka duka la dawa lililofungwa. Kila kitu droo yake, kila droo lebo yake. Pini na pini, gundi na gundi, msasa mahali pake. Mipira ya kuzungushia propela imebaki kwenye friji karibu na siagi, isije ikachakaa, ina tarehe zake. Hiyo Lorraine alishaizoea.

Zamani meza yangu ilikuwa jaa, lakini mkono wangu uliijua. Leo nimetafuta wembe nusu saa, kumbe nilikuwa nimeuweka mahali pake.

Jumamosi, 12 Septemba

Nimeshindwa. Nikitoa kopo moja, mawili yananitazama. Mbao nyepesi za balsa za kuundia ndege zimefika mpaka kwenye mashine ya kufulia. Kila nikishika kitu namsikia akisema, hiyo usitupe, itakufaa. Haikumfaa yeye! Nimezima taa nikapanda juu.

Jumatano, 16 Septemba

Nimemaliza. Sakafu inaonekana. Lorraine ameshuka, akapitisha kidole mezani, akasema panafanana na hospitali. Sijui alikuwa ananisifu.

Nimeikagua ndege ya Delbert. Chini ya bawa la kushoto ameandika kwa penseli jina lake na namba ya simu ya nyumbani kwake. Ndiyo sheria yetu, ndege ikipotea aliyeiokota apige. Sasa mrushaji ni mimi, ilipasa niweke namba yangu. Nilichukua raba. Nikairudisha kwenye droo. Mwandiko wake ule, nani angeufuta?

Jumamosi, 19 Septemba

Mungu wangu.

Utambi! Miaka yote utambi ulikaa kwenye mkebe wa biskuti mezani, mkono wangu wa kushoto, pamoja na kiberiti. Nilikuwa nauokota bila kuutazama. Leo nimefika uwanjani, nafungua sanduku, haumo. Mkebe niliutupa siku ya kupanga.

Utambi ni kila kitu. Unauwasha kabla ya kurusha, ukiungua mpaka mwisho unakata uzi unaoushikilia mkia, mkia unanyanyuka, ndege inarudi chini. Bila utambi, ikikutana na hewa ya moto inayopanda, kwaheri.

Hobart, mshika saa wetu, akapaza sauti wote wasikie. "Merle! Umepanga karakana mpaka umejipanga na wewe? Au akili nayo umeiwekea lebo?" Wakacheka. Kisha akaninyooshea utambi wake. "Chukua, mzee. Usirushe hivyo."

Nikamwambia asubuhi hii ina baridi, hewa imelala, itashuka yenyewe. Kwa nini nilisema hivyo? Kwa sababu walicheka. Hakuna sababu nyingine.

Nikaiachia. Ilipanda kama inayoijua njia. Propela ikasimama, ndege haikushuka. Dakika mbili. Nne. Mwewe akaja akazunguka nayo. Hakuna aliyecheka tena. Dakika ya tisa Hobart akasema haioni. Mimi niliendelea kuiona kidogo, juu ya mahindi, chungwa. Halafu hata mimi sikuiona tena.

Delbert hajawahi kujenga ndege nzuri kama ile.

Jumapili, 20 Septemba

Mahindini tangu asubuhi. Yamenizidi kimo, majani yamenichanachana uso. Hakuna.

Arlene amepiga. Nikamwambia iliruka vizuri ajabu, dakika tisa! Nikasikia anapenga kamasi. Akauliza ataipata lini. Nikasema karatasi imechanika kidogo, iko mezani, naibandika.

Iko mezani!

Jumatatu, 21 Septemba

Nimeuona utambi. Droo ya kwanza, juu kabisa. Lebo: "Vitu muhimu."

Jumamosi, 26 Septemba

Arlene amepiga tena. Amekwisha kutoboa dari na kuweka ndoano. Nikasema gundi haijakauka.

Jumamosi, 3 Oktoba

Mashine za kuvuna zimeanza kunguruma upande wa mashariki. Lorraine amesema, "Mwambie, Merle. Njia ya mwongo fupi." Nikasema kesho. Akaondoka na sahani yangu kabla sijamaliza kula.

Jumanne, 6 Oktoba

Lorraine ameniita kutoka juu. Simu. Arlene.

"Shemeji, kuna mkulima amepiga hapa. Anamtaka Delbert. Anasema ameokota kitu chake mahindini, mbele ya mashine. Nikamwambia Delbert hayupo. Akaniuliza atarudi lini."

Nikauliza ni shamba la nani.

"Merle. Hiyo unayobandika mezani kwako ni ipi?"

Nikasema Arlene, nisikilize. Hakunisikiliza. Akasema hajui shamba lenyewe liko wapi, anakuja kunichukua, twende wote, nimwonyeshe njia. Sikuuliza kama imeokotwa nzima. Niliogopa kuuliza.

Nimeshuka huku eti kuchukua koti. Meza safi, haina kitu juu yake. Gari lake limesimama nje, linapiga honi. Lorraine ameniita mara mbili. Natafuta la kumwambia, droo arobaini na nane, zote zina lebo, na —

Honi tena.