Kinyonga Kando ya Zizi

Mjukuu wangu, mume wangu Masanja,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Sisi wa Samuye tu wazima. Baba yako mdogo amemaliza kuvuna mtama. Unauliza kwa nini kinyonga wako hanywi maji. Umemwekea bakuli, sivyo? Hata mimi nilikosea hivyo hivyo.

Miaka ile vijana walipoanza kukimbilia dhahabu ya Geita, nilimfuga wangu ndani ya chungu. Akawa mweusi, macho yakadidimia. Mama alimwogopa, akasema, "Katupe hicho kisirani." Sikumtupa. Nilimhamishia kwenye tenga la kuku, nikatia matawi mabichi, nikalitundika kando ya zizi la ng'ombe, penye nzi tele. Kisha nikanyunyizia majani maji. Akaramba tone moja, la pili, mpaka nikachoka kuhesabu. Kesho yake alikuwa kijani kama mtama mchanga, nami nikazunguka kijiji kizima kifua mbele.

Ushindi wenyewe ulikuja baadaye. Asubuhi moja nilimkuta mama pale zizini, kibuyu mkononi, akinyunyizia yale majani. "Mwangaluka," alimwamkia kinyonga, kama tunavyowaamkia wageni wa heshima.

Mkeo mzee,
Bibi