Chai ya Kijani ya Akinyi

Jumatatu, 3 Machi
Nimesaga magunia manne ya omena, dagaa wabovu wa chakula cha kuku, kabla ya saa nne. Migori nzima hakuna anayenifikia. Kisha hospitali ya Homa Bay na dadangu Akinyi, sindano ya tatu ya kansa ya uboho. Ananiegemea. Zamani alinibeba mgongoni.

Jumanne, 4 Machi
Jana daktari, binti mdogo, alinieleza. Ndani ya seli kuna chumba cha kukunjia protini, endoplasmiki retikulamu. Jina refu kuliko masomo yangu. Iliyokunjwa vibaya inavutwa nje, inatiwa alama, inapelekwa mashineni kusagwa. Nikamwambia hiyo ni kazi yangu. Akacheka. Sindano inakwamisha mashine. Seli ya kansa hutengeneza protini kupita kiasi, kwa hivyo taka inajaa, seli inakufa na uchafu wake.
Mashine yangu iliwahi kukwama siku mbili. Stoo ilinuka mpaka mpangaji akahama. Naelewa vizuri sana.

Jumatatu, 10 Machi
Sindano ya nne. Majibu ya damu mabaya. Protini ya kansa imepanda. Daktari aliangalia karatasi, hakuniangalia mimi. Akinyi hawezi kulala chali.
Nimemwongezea chai ninayompikia. Majani ya kijani, yametoka Kisii, ya kusafisha damu. Nimefika Mwanza, nimefika Kampala, najua dawa. Thamosi mbili kwa siku sasa. Naogopa.

Jumatatu, 17 Machi
Daktari aliona thamosi. Akauliza anakunywa tangu lini. Nikajigamba: tangu sindano ya kwanza, hajakosa hata siku moja.
Akaiweka sindano chini.
Akasema chai hiyo inaweza kuishika dawa kabla haijafika mashineni. Mashine inaendelea kusaga. Kansa inafagiliwa nyumba, na mfagiaji ni mimi.
Akinyi aliniita owadwa, ndugu yangu. "Owadwa, ulinipikia kwa mapenzi. Usilie mbele ya watu."
Nililia mbele ya watu.

Jumapili, 6 Aprili
Sindano mbili bila chai. Majibu kesho. Majani niliyatupa chooni, hata kuku sikuwapa.
Mashine yangu imezimwa. Kimya.
Jioni Akinyi aliomba chai. Nikamchemshia maji matupu. Akashika kikombe kwa mikono miwili, akanywa polepole, akasema imekolea.